Ukurasa Mmoja kwa Nchi Nzima

Jumatatu, 2 Februari

Nimeibiwa. Si mbuzi, si mzinga wa nyuki. Nimeibiwa wazo, mchana, mbele ya watu, nikiwa nimeketi mstari wa kwanza.

Ilikuwa barazani kwa naibu wa chifu. Mgeni alikuwa Bi. Ismahan wa Kamati ya Elimu Moja, mama mrefu mwenye sauti ya chini ambayo ilitulazimisha sote kunyamaza. Akasema nchi imechoka na shule zinazokwenda kila moja kwa njia yake. Kuanzia sasa shule za huku kwetu zitafuata ratiba moja. Somo moja, saa moja, ukurasa mmoja. Mtoto akihama leo, kesho aketi katika shule nyingine na kufungua kitabu palepale alipokifungia. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Hayo ni maneno yangu. Nimeyasema mbele ya kila mkaguzi aliyewahi kunywa chai yangu, tangu nilipokuwa na meno yote. Na sikuyatoa hewani. Nilikuwa mwalimu kule Chyulu wakati tulipoondolewa milimani. Binti yangu Wayua alikuwa darasa la nne, ndiyo kwanza ameanza hesabu za kugawanya. Tulipofika huku chini, darasa la nne la Shule ya Kwa Ndululu lilikuwa limeshagawanya na kupita. Hakuna aliyerudi nyuma kwa ajili yake. Aliketi nyuma ya darasa mpaka akachoka kuketi. Leo ana hoteli ndogo Mtito Andei, anapikia madereva wa malori, na akiona alama ya kugawanya hugeuza uso.

Basi ningeweza kusamehe wizi. Lakini sikiliza lililofuata. Kila eneo litakuwa na shule kiini. Kiini kitapanga saa na ukurasa, na shule nyingine zitafuata. Kiini chetu cha majaribio ni Kwa Ndululu! Mwenyekiti wa bodi yake ni Mulinge, mwana wa huyohuyo Ndululu wa jina la shule, naye ni chifu mstaafu, mtu ambaye kitabu pekee alichowahi kukimaliza ni cha kuandikia faini. Alisimama akavua kofia polepole, kama aliyekabidhiwa nchi. Akasema watu wa milimani wasiwe na wasiwasi, kiini kitawashika mkono.

Watu wa milimani. Tuko hapa karibu miaka arobaini.

Bi. Ismahan atarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Shule itakayoonekana imebaki nyuma itafungwa, na watoto wake watavuka mto mkavu wa mchanga kwenda kiini. Yaani Mavatini yetu, ambayo mimi ni mwenyekiti wa bodi yake, ifungwe. Tuliijenga kwa mwethya, kila familia ikitoa mikono yake, kwa mabati tuliyoyang'oa kwenye shule yetu ya juu na kuyateremsha kwa punda. Mabati hayo bado yana matundu ya misumari ya kule. Mvua ikinyesha, darasa linavuja palepale lilipovuja Chyulu. Na mjukuu wangu Mutanu, mtoto wa Wayua, wa gredi ya tano, ahamishwe katikati ya mwaka kama mama yake. Maadamu bado natafuna muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, haitatokea.

Syombua, mke wangu, anasema nifurahi, wazo langu limekubaliwa. Nimemwambia wazo likikubaliwa bila mwenyewe huo ni wizi. Akaniuliza chumvi nimeiweka wapi.

Jumanne, 3 Februari

Nimefikiri. Kiini ni nini? Si karatasi ya kamati. Kiini ni sikio. Ng'ombe hawasomi barua. Humfuata yule aliyevalishwa kengele. Anayegonga kwanza ndiye anayeongoza.

Kengele yetu ni rimu ya pikapu, na sauti yake ni kama kijiko kwenye kikombe. Nimekwenda Mtito Andei kwa fundi wa magurudumu na kurudi na rimu ya trela. Nimempa rimu ya zamani, jogoo, na ahadi.

Nilipita kwa Wayua kunywa chai. Hoteli ilikuwa imejaa madereva, akawa anawagawia nyama bila kupima, na hakuna aliyepata kidogo kuliko mwenzake. Nikamweleza mpango wote. Akaniuliza kama rimu ndiyo itakayofundisha. Nikamwambia asinichezee, haya yote ni kwa ajili yake, ili asiwepo mtoto mwingine wa kuachwa na ukurasa. Akapangusa meza. Akasema, "Baba, mimi sikuachwa na ukurasa. Niliachwa na watu waliokuwa na haraka."

Alikuwa amechoka. Tangu alfajiri yuko jikoni.

Jumatano, 4 Februari

Nimewahi! Nimegonga Mulinge akiwa bado anachovya mkate. Rimu ya trela haina mzaha. Sauti ilivuka mto, ikapiga kilima, ikarudi kuangalia kama nimefurahi.

Watoto wa Kwa Ndululu wanaoishi upande wetu walichanganyikiwa wakaanza kukimbia. Wawili waliingia Mavatini wakaketi. Niliwakaribisha kama wageni wa heshima. Madam Kavata akawashika mkono na kuwarudisha.

Huyu Kavata ni mwalimu mkuu wetu. Nilimfundisha kusoma mwenyewe, na kila siku naona matokeo. Alinijia baadaye kwa upole, akasema, Mwalimu, watoto wamefika hawajanywa uji. Nikamwambia uji si sehemu ya ratiba. Akasema, ndiyo, Mwalimu. Sauti yake ilikuwa laini mno.

Alhamisi, 5 Februari

Mulinge amegonga kabla yangu. Mzee wa miaka sabini na kitu, goti bovu, ameamka kabla ya kuku ili kunidhulumu mimi.

Halafu akatangaza ukurasa. Alimtuma mtu wa bodaboda apite sokoni akipaza sauti kwamba kiini kiko hesabu ukurasa wa arobaini, matawi yafuate. Nilikuwa nanunua tumbaku. Watu wakanigeukia. Nikajibu, bila hata kupepesa, kwamba Mavatini tuko arobaini na sita na tunasubiri kiini kifike.

Nimekwenda mbio shuleni kuwaambia. Madam Kavata alikuwa na watoto wa gredi ya tano nje, wakigawanya mawe kwenye mchanga, mafungu mafungu, kama watoto wa chekechea. Nikamwambia sasa tuko arobaini na sita. Akasema, ndiyo, Mwalimu. Hakubisha hata kidogo. Heshima inarudi.

Ijumaa, 6 Februari

Nimegonga mapema zaidi. Mulinge, mapema kuliko mimi. Ukurasa: yeye hamsini na mbili, mimi hamsini na tano.

Kuku wa Syombua wameacha kutaga. Anadai ni rimu. Nimemwambia asihusishe kuku na siasa za elimu.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani. Kanisa ni moja kwa pande zote mbili, kwa hiyo nalazimika kumwona. Mulinge alisimama wakati wa maombi akamwomba Bwana awakumbuke walio nyuma, awainue, awape moyo wa kufuata. Akafumbua jicho moja kunitazama wakati wa kusema kufuata.

Ilipofika zamu yangu nilimshukuru Mungu kwa ajili ya wazee waliojaliwa kuamka mapema ingawa hawana kazi. Pasta akaanzisha wimbo kabla sijamaliza.

Nje, nilimwona Madam Kavata akizungumza na Mutie. Mutie ni mwalimu mkuu wa Kwa Ndululu, kijana mpole wa shati la mikono mirefu. Walikuwa wameinamia simu moja na kucheka. Baadaye akamfikisha kwao kwa pikipiki yake.

Nimeelewa. Anamchunguza! Anamchekesha ili amwibie ukurasa wetu, ampelekee Mulinge. Maskini Kavata, hajui dunia. Kuanzia kesho nitamtajia ukurasa wa uongo, wa mbele zaidi, ili adui aruke na avunjike.

Jumatatu, 9 Februari

Siandiki kwa furaha.

Nilikuwa nimeamua kuyamaliza. Nilitoka nyumbani jogoo bado wamelala. Nikafika shuleni, nikashika chuma, nikagonga rimu ya trela kwa nguvu zangu zote. Niligonga kwa muda mrefu. Nilihisi vizuri sana.

Sasa, huku kwetu rimu ikigongwa gizani ina maana moja tu: ndovu wametoka Tsavo na wako shambani. Kila mtoto anajua. Sheria hiyo niliipendekeza mimi, mwaka ule walipomaliza ndengu za kijiji kizima. Nilisahau.

Walikuja wote. Debe, sufuria, tochi, mbwa. Syombua alikuja na sufuria ya muthokoi ikiwa bado na muthokoi ndani, akiigonga kwa mwiko. Ng'ambo, Mulinge aliposikia nimemtangulia, akagonga yake ili anizidi, na watu wa kule wakajua ndovu wamevuka kwenda kwao. Pande mbili zikashuka mtoni zikipigiana debe usoni, kila upande ukiwafukuza ndovu kuelekea upande wa pili. Askari wa wanyamapori wakafika na gari lao, taa zote zimewashwa. Mzee mmoja akawaonyesha nyayo. Zilikuwa za punda wa Mulinge.

Naibu wa chifu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alituuliza, mmoja mmoja, kama tunajua mama mjamzito wa nyumba za juu ya mto amekimbia na kuanguka kwenye mtaro. Yuko salama. Mtoto yuko salama. Lakini alituuliza mara mbili. Kisha akasema hataki kusikia chuma chochote mpaka ugeni wa Ijumaa upite. Rimu zote mbili zimechukuliwa. Zimelazwa nyuma ya ofisi yake, ya Mulinge juu ya yangu. Nimelalamikia mpangilio huo. Akasema, "Mwalimu, nenda nyumbani."

Syombua hajasema neno tangu asubuhi. Muthokoi wote ulimwagika mtoni.

Jumanne, 10 Februari

Bila kengele, vita ni vya ukurasa tu. Afadhali. Ukurasa ni uwanja wangu.

Mulinge: sitini na tisa. Mimi: sabini na nne. Nimepita darasa hadi darasa nikitangaza. Walimu wanasimama, wanasema, ndiyo, Mwalimu, na mimi nikitoka nasikia vitabu vikifunguliwa. Nidhamu ya ajabu.

Jioni nilimkuta Mutanu kwenye ngazi ya mlango na kitabu cha hesabu. Ukurasa wa thelathini na moja. Nikamuuliza anafanya nini huko kaburini wakati wenzake wako sabini na nne. Akasema Madam amewaambia wasitoke hapo mpaka Kaveke aelewe. Kaveke ni mtoto wa fundi wa viatu, mzito kidogo. Nikamwambia nchi haiwezi kumngojea Kaveke. Mutanu akanitazama. Ana macho ya mama yake, na ubishi wa bibi yake. Akasema, lakini babu, amebakiza kidogo tu.

Nimemwagiza asome themanini. Akasema, ndiyo, babu. Kwa sauti ileile laini ya Kavata. Sijui wanaijifunzia wapi.

Jumatano, 11 Februari

Mulinge themanini na moja. Mimi themanini na nne. Nimemwona kwa mbali, ng'ambo ya mchanga, akiwa na kitabu cha gredi ya tano mkononi. Amekishika kichwa chini.

Alhamisi, 12 Februari

Kesho.

Themanini na nane. Nimeamua kusimama hapo. Ukurasa wa themanini na nane una mchoro mzuri wa tangi la maji, unafaa kwa wageni. Mulinge yuko themanini na sita, nimehakikisha kwa mtu wake wa bodaboda. Nimemshinda kwa kurasa mbili, bila rimu, kwa akili tupu.

Nimejiandalia hotuba. Nitaanza na Chyulu. Nitataja punda na mabati. Nitamtaja Wayua bila kumtaja jina. Kisha nitasema, kwa unyenyekevu, kwamba nchi inapotafuta kiini ingeanza kwa kutafuta mwanzilishi.

Nimepiga pasi suruali. Sijalala vizuri tangu baraza lile. Nikifumba macho naona milima jinsi ilivyokuwa asubuhi, ukungu ukishuka hadi mlangoni mwa darasa, na watoto wakiingia kutoka kwenye ukungu mmoja mmoja, kama wanaumbwa pale pale. Niliita majina siku ya mwisho nikijua kesho hakuna wa kuyaitika. Kila mtoto alisema yupo.

Hawatafunga Mavatini. Sitaita majina ya mwisho mara ya pili.

Ijumaa, 13 Februari

Niandike kwa mpangilio, maana hasira inaruka ovyo.

Bi. Ismahan hakutaka kuzunguka. Aliagiza gredi ya tano ya Kwa Ndululu ivuke mchanga, ije iketi na yetu hapa Mavatini, chini ya mabati yale. Wakachanganywa, mmoja wa kule, mmoja wa huku. Jua lilikuwa limepanda na kupenya kwenye matundu ya misumari, kila dawati lilikuwa na vitone vya mwanga. Wazazi walijaa madirishani. Nilimwona Wayua. Alikuwa amefunga hoteli. Sijawahi kumwona akifunga hoteli siku ya Ijumaa.

Bi. Ismahan akauliza wenyeviti kwanza, kwa heshima ya umri, shule zetu ziko wapi katika hesabu. Nikasimama, kitabu mkononi, nikasema themanini na nane. Mulinge akasimama akasema tisini. Tisini! Mwongo huyu, jana alikuwa themanini na sita. Nikamwambia hivyo. Akaniambia kiini hakiombi ruhusa kwa tawi. Bi. Ismahan akatungoja tumalize. Hakuketi, wala hakutuambia tuketi, kwa hiyo tukabaki wima, kila mtu na kitabu chake wazi.

Kisha akawageukia watoto akasema wafungue pale walipo.

Karatasi zikavuma kidogo. Akapita katikati ya madawati, akiinama hapa na pale. Mimi nilikuwa karibu na mstari wa pili, nikachungulia. Thelathini na moja. Nikachungulia wa Kwa Ndululu aliyeketi naye. Thelathini na moja. Mstari mzima. Darasa zima. Watoto wa shule mbili, na kila kitabu thelathini na moja. Mle ndani waliokuwa ukurasa mwingine walikuwa wazee wawili tu.

Kugawanya.

Mutie akasimama, akavuta mikono ya shati lake. Akasema yeye na Madam Kavata walikubaliana kwa simu jioni ya baraza lile lile. Waliwapima watoto, wakaona wengi wameshindwa kwenye kugawanya, pande zote mbili, wakaamua hakuna shule itakayotoka hapo mpaka mtoto wa mwisho atoke. Bi. Ismahan akauliza, na wenyeviti? Kavata akasema, kwa ile sauti laini, kwamba wazee walikuwa na shughuli nyingi. Wazazi wakacheka. Walicheka madirisha yote.

Kaveke akaitwa ubaoni. Mtoto mzito yule. Akaandika hesabu, akagawanya, akakwama. Hakuna aliyemharakisha. Mtoto wa Kwa Ndululu akanong'ona, shusha ile nyingine. Akashusha. Akamaliza. Hakuna kilichobaki.

Niligeuka kutazama nje kwa sababu ya vumbi. Wayua alikuwa ameshika nondo za dirisha, midomo inatembea, anafuata hesabu ubaoni, na kidole chake kinaandika juu ya ukuta. Alipomaliza kidole kikasimama. Akakiangalia. Vumbi lilikuwa jingi sana leo.

Uamuzi: hakuna shule itakayofungwa. Mavatini inabaki. Mutanu anabaki. Lakini pia hakuna kiini! Walimu wakuu wawili watapanga ukurasa pamoja na kamati itaiga mfano wao mahali pengine. Rimu zitarudishwa, zigongwe na walimu, jua likiwa limechomoza. Nikauliza, na sisi wenyeviti? Bi. Ismahan akasema bodi zina kazi kubwa sana. Vyoo vya Mavatini vimejaa, na vya Kwa Ndululu vimeinama. Tushughulikie vyoo.

Vyoo. Mimi.

Hotuba yangu haikusomwa. Punda hawakutajwa.

Nilipokuwa natoka, Mulinge alikuwa bado wima na kitabu chake. Akaniambia, polepole, "Mwalimu, kumbe tulikuwa sisi wawili tu." Kwa sekunde moja nilikaribia kumhurumia. Kisha nikakumbuka tisini.

Jumapili, 15 Februari

Nimetulia, nimelitazama jambo hili kwa haki, na ukweli ni mmoja. Nimeshinda.

Nani alisema ukurasa mmoja kwa nchi nzima? Mimi. Je, wako ukurasa mmoja? Wako. Nani alimfundisha Kavata? Basi. Nimemwambia Syombua. Sasa anasema nami tena, ingawa amesema tu kwamba nilipe muthokoi.

Kuhusu vyoo. Nilipanga kuanza mwezi ujao, kwa mwethya, taratibu. Lakini leo baada ya kanisa nimesikia kwamba Mulinge ameshaanza kuchimba. Jumamosi yote. Na mtu wake wa bodaboda anasema sokoni kwamba shimo la Kwa Ndululu litakuwa la mfano, mashimo mengine yafuate. Sasa hili si suala la choo tena. Ni suala la msimamo. Nchi haiwezi kuwa na elimu moja huku mashimo yake hayalingani. Nimemtuma mtu avuke akapime kwa kamba. Letu litazidi lake kidogo tu, ili awe na cha kufuata. Kesho nakwenda kumwona yule fundi wa Mtito Andei, nasikia ana winchi ya lori, itavuta udongo shimoni.

Wayua amepiga simu jioni. Ijumaa alibaki na kitabu cha Mutanu. Anasema thelathini na moja ameshaielewa, ameifanya yote, meza ya hotelini imejaa makaratasi, madereva wanamsaidia kuangalia majibu. Akaniuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa Chyulu, thelathini na mbili ina nini.

Nimemwambia asikae hapo kupoteza wakati. Aruke moja kwa moja hadi themanini na nane, Mulinge yuko tisini.

Nikasikia makaratasi yakikusanywa mezani. Kisha simu ikakatika.

Mtandao wa kule ni mbovu. Hilo nalo kamati ilitazame. Mtandao mmoja, nchi nzima. Wazo ni langu, nimeliandika hapa na tarehe yake.